Mwanandani kwenye Shimo la Haidrojeni

Leo nimeumbuka, ndugu zangu. Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa, maana hapa Kinjumbi wameshaanza.

Mnajua mke wangu ametangulia mwaka huu. Siku ile mwenyekiti wetu wa kijiji aliacha palizi yake, akawa wa kwanza kufika na jembe. Alichimba kaburi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tangu hapo nimejiwekea jambo moja: kwake likitokea la kutokea, nisichelewe.

Asubuhi natoka kupuliza dawa mikorosho, napita kwake. Naona turubai. Viti vya plastiki. Kina mama wanapika wali kwenye sufuria kubwa. Na mama yake mwenyekiti nilimwacha juzi hoi, hata uji haupiti. Nikajumlisha. (Niliishia darasa la saba, na hesabu haikuwa somo langu.)

Sikuuliza. Kwetu mwanamume akifika msibani haulizi, anaangalia jembe liko wapi. Nikazunguka nyuma ya nyumba, upande wenye makaburi ya ukoo wao. Nikakuta vijana wawili wageni wanachimba. Shimo limewafika magotini na wamechoka. Nikashuka. Wakanipisha bila neno, wakaenda kunywa maji.

Nikachimba. Sikulia, ila nilichimba vizuri. Shimo lilikuwa limekaa mshazari na kibla. Nikawalaumu wale vijana moyoni, nikalinyoosha. Lilipofika kifuani nikaanza kuchonga mwanandani, ile nafasi ya pembeni anapolazwa maiti. Nikaisawazisha kwa mkono.

Mara nasikia watu wengi wanakuja. Nikajua jeneza hilo. Nikafuta jasho, nikasema kwa sauti ili wasipate shida:

"Kaburi tayari. Mleteni mama."

Sauti ya nyuma ikauliza, "Mama yupi?"

Watu wakapisha. Mama yake mwenyekiti, kumbe ameshapata nafuu, akaja na fimbo yake, taratibu, mpaka ukingoni. Akainama kunitazama.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa mle mle chini.

"Marahaba. Hilo la nani?"

Ndugu zangu, mimi uongo siuwezi.

"Lako, mama."

Mwenyekiti akashika kichwa. Pembeni yake alikuwepo dada mmoja mwenye kofia ngumu, mtaalamu aliyetoka serikalini. Ndipo nikaelezwa. Serikali inataka kuiunga mkono nishati ya haidrojeni, gesi inayowaka ambayo hutolewa kwenye maji kwa kutumia umeme. Kwetu yangekuwa maji ya bahari, baada ya kutolewa chumvi. Wamekuja kusikia maoni ya wanakijiji kabla sera haijapitishwa. Shimo lilikuwa la kupima kama udongo utabeba matangi, na kuta zake hazikutakiwa kuguswa. (Nilizigusa zote nne.)

Yule dada hakufoka. Alipima mwanandani kwa utepe, akauliza ni ya nini. Mwenyekiti akamwonyesha viti vilipo.

Mkutano ukaanza chini ya turubai. Dada akaeleza rasimu yao: watakaoleta mitambo wapunguziwe kodi, vijana wa hapa wasomeshwe kazi hiyo, ardhi itengwe. Kisha akauliza kama eneo lile lina makaburi.

"Yapo ya ukoo," mwenyekiti akajibu. "Na moja jipya, halijapata mtu."

Walicheka mpaka kina mama wakaacha miko. Dada naye alicheka, halafu akakiri kwamba rasimu haina hata mstari mmoja kuhusu makaburi. Akauliza nani ana maoni. Watu wote wakanigeukia, nami nina udongo mpaka kwenye ndevu.

Sijasimama mkutanoni tangu nimzike mke wangu. Nikasimama. Nikasema kodi wapunguzeni, vijana wasomesheni, mimi sina neno. Ila matangi yakae mbali na waliolala, na wenye makaburi waulizwe kabla jembe la kwanza halijapigwa. (Ndiyo, nilisema hivyo mimi, niliyechimba bila kuuliza.) Dada akaandika, akanisomea nithibitishe. Yalikuwa maneno yangu.

Baada ya kula mama akaniita. Nilijua sasa nasemwa. Akaniuliza kama ni kweli nilichimba peke yangu. Nikasema ndiyo.

"Basi siku yenyewe uje wewe," akasema. "Hawa wanangu wangenichimbia la kuku."

Jioni nimelifukia mwenyewe. Mwenyekiti amenisaidia, kila akitupa koleo moja anacheka koleo mbili.

Mnaosoma, chekeni taratibu. Wengi wenu mlifika kwangu siku ile, na mimi kwenu nitafika mapema vilevile. Ila kuanzia leo nitauliza kwanza kama kuna aliyekufa.