Kumtafutia Jirani Bundi

Jumatatu, 4 Machi

Nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nje ya banda langu la kuchora mabango, namalizia bango la kinyozi. Herufi za bluu, kivuli cheusi, kichwa cha mteja kimenitoka kama kiazi lakini kinyozi hajalalamika bado. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa kibarazani anatia vifungo kwenye sare za shule. Humu nitamwita Jirani. Jina lake sithubutu kuliandika.

Akasema, kama anayeongea na vifungo, kwamba Jumapili anahama. Binti yake amejifungua, anakwenda kukaa naye mji mwingine. Cherehani itafuata.

Brashi ikanidondoka. Mteja wa kinyozi sasa ana nukta ya bluu juu ya pua.

Akaendelea kutia vifungo. Akasema ana hamu moja tu. Alipokuwa msichana, jioni moja anarudi na ndoo ya maji, bundi alimpita juu ya kichwa, karibu mno hata akahisi upepo kwenye paji la uso. Lakini hakusikia kitu. Hata mlio wa unyoya mmoja. Wenzake walikimbia, yeye alisimama pale pale. Tangu siku hiyo hajamwona bundi mwingine, na angependa kumwona tena kabla hajaondoka hapa.

Daktari naye alikuwepo. Huyu ni mwenye duka la dawa. Tunamwita Daktari ingawa hajawahi kutibu zaidi ya kikohozi. Mjane kama mimi. Ana gari, na shati lake limepigwa pasi mpaka ndani ya kola. Alicheka, akasema bundi ni ndege tu, akatoa simu amwonyeshe picha.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema mimi najua mahali patatu pa kuona bundi, hapa hapa kwetu. Patatu! Ningesema hata mahali pamoja, pangetosha.

Jirani aliinua macho, sindano ikasimama hewani. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwenye sindano. Na bundi mwenyewe sijawahi kumwona.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeanza kuuliza watu. Kosa kubwa.

Nilianza na mlinzi wa ghala la nafaka. Hesabu yangu ilikuwa nzuri tu: nafaka huleta panya, panya huleta bundi. Nikamwuliza kwa adabu zote kama bundi huwa anatua juu ya paa lake. Akauliza ni nani aliyenituma. Akauliza ni nani anayeeneza habari kwamba yeye ni mchawi. Nikamwambia mimi ni mpenzi wa ndege. Akamwita mkewe aje asikie mwenyewe.

Muuza mkaa hakungoja nimalize. Alitaka kujua ni nani mgonjwa nyumbani kwake. Nikamwambia hakuna mgonjwa. Akasema basi kwa nini nauliza habari za bundi!

Sikufikiria hilo. Kumbe kumwuliza mtu kama kwake kuna bundi ni sawa na kumwuliza kama kwake kuna msiba unakuja. Mpaka adhuhuri habari ilikwishaenea kwamba nazunguka mtaani nikitabiri vifo. Kinyozi alikuja mbio, akaniomba nifute ile nukta ya bluu, kwa usalama.

Jioni dada yangu alikuwa ananingoja mlangoni, mikono kiunoni. Nakaa kwake tangu nifiwe, kwa hiyo sheria ni zake. Akasema neno lile likitamkwa tena ndani ya nyumba hii nitakwenda kulala bandani na makopo yangu ya rangi.

Nimerudi bandani kufikiri. Jua lilikuwa linapenya kwenye nyufa za mbao, vumbi linaelea taratibu, harufu ya tapentaini imejaa. Nilifumba macho. Nikaona msichana amesimama njiani na ndoo, na kitu kikubwa laini kinampita juu. Nilikaa hapo mpaka nyufa zikawa nyeusi.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo! Kama bundi hapatikani, bundi atachorwa.

Usiku nilichukua kipande cha mbao nyembamba, nikakata mabega, kichwa, masikio mawili. Macho nikayapiga njano iliyobaki ya bango la gereji. Niseme ukweli, yalitoka mazuri kiasi kwamba niligeuza uso. Alfajiri nikapanda mti mkubwa ulio nyuma ya uwanja wa mpira, nikamfunga kwenye tawi kwa waya. Mpango: nimlete Jirani giza likianza kuingia, nimwonyeshe kivuli kwa kidole, ninong'one, aone, afurahi, turudi. Niliona aibu kidogo. Si nyingi.

Sikuwahesabu kunguru. Walimwona asubuhi, na kutwa nzima walimzunguka wakimtukana. Kelele zao zikaleta watoto, watoto wakaleta mawe, mawe yakaleta watu wazima. Nilipofika na Jirani jioni, uwanja umejaa. Mawe yanarushwa, bundi wangu hatikisiki, na kila anavyozidi kutotikisika ndivyo anavyozidi kuogopwa. Mama mmoja alilia kwamba huyu si wa kawaida, huyu katumwa.

Halafu jiwe moja likapata waya. Akaanguka kifudifudi. Mgongoni, kwa mwandiko wangu ambao kila mtu hapa anaujua, palikuwa pameandikwa TUNAZIBA PANCHA.

Nani akamwokota? Daktari, kwa vidole viwili, shati halina hata kunyanzi. Akasoma kwa sauti. Umati mzima ukanigeukia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Jirani alikuwa ameegemea ukuta wa uwanja anacheka, machozi yanamtoka, kashika mbavu. Njiani alicheka tena na tena. Tulipofika mlangoni kwake akauliza: ikiwa pale palikuwa mahali pa kwanza, tunakwenda lini pa pili?

Niliingia nyumbani nimebeba moyo mikononi.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari amemwambia Jirani atampeleka kwa gari kwenye bustani ya wanyama, bundi wapo, wamewekewa na kibao cha maelezo. Jirani akasema bundi wa kwenye kizimba hamtaki. Nilisikia kila neno kupitia ukuta, brashi imesimama hewani. Mungu ambariki.

Halafu jioni, muujiza. Dada alirudi sokoni amechoka hoi, vikapu viwili, akalalamika njia ni ndefu. Nikamwuliza kwa nini hakatizi kupitia kwenye tanuri la zamani la matofali. Akanikata jicho. Akasema yeye pale hapiti, jua likishashuka hapiti kabisa.

Kitu kikaniwaka kichwani. Sikutaja ndege. Nilimwuliza tu, kama mdogo mtu anayemwonea huruma dada yake, ni wapi pengine asikopita jioni.

Ee! Alifunguka kama bomba. Tanuri la matofali, hapiti. Ile pampu mbovu ya maji kule bondeni, hapiti, na mama yetu hakuwa anapita. Ule mti mrefu wa makaburini, hata mchana anafikiria mara mbili. Alinieleza upande gani wa mti, tundu lipi la tanuri, saa za kuogopa zaidi. Lile neno hakulitamka hata mara moja. Miaka yote hii nakula naye meza moja, na kumbe bundi wote wa hapa wamo kichwani mwake, kila mmoja na mahali pake.

Na ni mahali patatu. Patatu! Kwa hiyo Jumatatu sikusema uongo. Niliwahi tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda tanurini peke yangu mchana, kuhakikisha.

Hakuna anayefika kule siku hizi. Nyasi zimefika kiunoni, matofali yamelala yalipoanguka, bomba la moshi limesimama peke yake. Chini ya tundu moja kubwa ukuta ulikuwa umechirizika weupe wa kinyesi cha ndege. Palikuwa na vidonge vya kijivu vilivyotemwa vimetapakaa, na nilipokipasua kimoja nikakuta manyoya na vifupa vyembamba, na fuvu la panya linaloenea kwenye ukucha. Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa bango la kwanza.

Vindege vidogo vilikuwa vinapiga kelele mbele ya tundu. Nikachungulia. Mwanzoni niliona giza tu. Baadaye kidogo kipande kimoja cha giza kikafumbua jicho, kikaniangalia bila kupendezwa, kikalifumba tena.

Nilikaa kwenye nyasi. Sikufikiria mpango wowote. Upepo ulikuwa unainamisha nyasi na kuziinua, na mimi nilimwona Jirani ameketi pembeni yangu, na miaka inapita, na hakuna anayehama. Nilipozinduka jua lilikuwa upande mwingine wa bomba.

Kidonge kimoja nilikitia mfukoni nimwonyeshe. Dada amekikuta akifua. Suruali ile sitaiona tena.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ndiyo leo.

Daktari alijialika. Akaja na tochi kubwa na viatu vya kutembelea vijijini, vipya. Nikamwambia aanze yeye, atungojee kwenye ile pampu mbovu bondeni. Akashukuru sana. Nilimwangalia akiteremka na tochi yake, nikahisi vibaya kwa hatua kama nne hivi.

Mimi na Jirani tukaenda tanurini. Alikuja na kitenge, akakitandika juu ya matofali, akaniachia nusu. Jua lilikuwa limeshuka na kila kitu kina rangi ambayo nimeitafuta kwenye makopo maisha yangu yote nisiipate. Akaniuliza akishaondoka nitakuwa nafanya nini. Nikasema mabango. Akasema mabango ni kazi nzuri. Tukanyamaza. Kunyamaza naye si kama kunyamaza na watu wengine.

Halafu bundi akatoka. Hakuruka; alijiachia tu kutoka kwenye tundu, akafungua mabawa, mapana kuliko nilivyodhani, akaja moja kwa moja kwetu. Nilihisi upepo kwenye paji la uso. Sikusikia kitu! Kweli kabisa, hata mlio wa unyoya mmoja. Alitupita, akaelea juu ya nyasi, akapotea upande wa mashamba.

Jirani alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia. Alilia kidogo. Akasema amefurahi, hajui alipe nini. Akasema pia anaogopa kuondoka. Nyumba ya binti yake imejaa watu na hakuna hata mmoja wa kukaa naye hivi. Akanigeukia. Akauliza: "Fundi, una neno la kuniambia?"

Nilikuwa nalo. Ninalo tangu aliponishonea lile shati la kijani na kukataa nisilichukue mpaka arekebishe kola. Neno lilifika kwenye meno.

Nikamwambia kwamba huyu tuliyemwona yawezekana ana mwenzake, na kama angeweza kungoja hadi Jumatano ningemwonyesha wote wawili.

Akauachia mkono wangu polepole. Akakunja kitenge, pembe kwa pembe, akasema asante Fundi, asante sana. Nadhani jioni imekwenda vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Ameondoka.

Daktari ndiye aliyempeleka kituo cha basi kwa gari lake, uso umevimba kwa mbu wa bondeni. Nilitegemea kuufurahia uso ule. Sikuufurahia. Nilikwenda kituoni kwa miguu, nikafika basi limeshawashwa. Jirani alikuwa dirishani. Alinitazama mpaka lilipokata kona. Nilimpungia, halafu nikaona mkono umejaa rangi nyekundu, huenda alidhani nimeumia.

Mlango wake una kufuli. Kibarazani kumebaki kifungo kimoja cheupe cha sare. Nina huzuni. Naandika hivyo hivyo: nina huzuni kubwa.

Dada ameniwekea chakula. Baadaye akasema mimi ni mjinga. Sikuuliza wa nini.

Alhamisi, 14 Machi

Amepiga simu!

Akaniuliza hali, hali ya dada, hali ya kinyozi. Akasema mtoto anakua. Halafu akasema jambo la ajabu: kule kwa binti yake, kila jioni, bundi anakuja kutua juu ya tangi la maji. Hakuna aliyemtafuta, anakuja tu. Wenye nyumba wanajifungia ndani, yeye anatoka uani kumwangalia. Ana viti viwili uani. Anakaa kwenye kimoja. Akasema kile kingine hakina mtu. Akasema tena, hakina mtu. Akasema pia basi la kwenda kule linaondoka kila asubuhi. Halafu: "Fundi, unanisikia?"

Nikamwambia namsikia vizuri sana. Nikamwelewa mara moja. Maskini, amepata bundi na hajui ni wa aina gani! Nikamwuliza huyo bundi ana masikio au hana. Akasema hajaangalia vizuri. Sauti ilikuwa ndogo. Mtandao wa kule ni mbaya.

Kwa hiyo nina mpango. Siwezi kwenda kukaa kwenye kiti kile kama mtu asiyejua lolote, mbele yake, kwa mara ya pili. Kwanza nitawajua bundi wote, mmoja baada ya mwingine, wenye masikio na wasio nayo. Dada bado ana njia nyingi asizopita. Nikishawajua, hapo ndipo nitapanda basi na kumwambia lile neno, kwa utulivu, kama mtaalamu.

Na mambo yameanza kuninyookea, maana kesho Daktari anakwenda mji ule ule kufuata dawa. Uso umepona. Nimemwomba anifikishie salamu kwa Jirani na, kama ana muda, akae kidogo kwenye kile kiti mpaka jioni, amwangalie yule bundi masikio vizuri. Amekubali bila hata kufikiri. Mtu mwema, nilikuwa namwonea bure.