Mengine Muulizeni Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimetangaziwa vita. Mkuu wa shule kanisimamisha kwenye korido asubuhi, hata sijamaliza kumwamkia, akasema chumba cha maktaba kinakaa bure. Ataingia Ijumaa wakati wa mapumziko. Akikuta vitabu vimesongamana kwenye rafu bila kuguswa kama muhula uliopita, chumba anapewa Mwalimu wa Michezo aweke magodoro yake ya sarakasi. Na mimi mkutubi? Nihamie stoo, nigawe chaki.

Chaki! Mimi!

Chumba hiki ndicho kilichonifundisha kupenda vitabu. Dirisha ni lilelile. Jua la saa nne linaangukia rafu ya chini kama zamani, na harufu ni ileile ya gundi na karatasi kuukuu. Nilipokuwa mwanafunzi hapa, mkutubi wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, tukimwita Bibi Miwani. Tulikaa sakafuni, midomo wazi, akitusimulia. Ila alikuwa na kasoro moja: hakuwahi kumaliza hadithi. Ikifika mahali patamu anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, anaweka kitabu mezani na kusema mengine tukamuulize mwenyewe. Mwenyewe ni kitabu. Nadhani kifua kilikuwa kinambana, maskini. Lakini kwetu yalikuwa mateso. Siku aliponikatia Binti wa Fundi Saa nilikiazima, nikakisoma njia nzima, nikatumbukia mtaroni nacho mkononi, na nyumbani nikaunguza maziwa. Niliapa kwamba nikiwa mkubwa sitamtesa mtoto namna ile.

Na sijamtesa. Kila mapumziko nawasimulia mwanzo hadi mwisho. Wanasikiliza, wanashukuru, wanakwenda zao. Hawaazimi kitu. Watoto wa siku hizi wana kasoro fulani.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wa Michezo kaingia bila hodi, futi kamba mkononi. Anapima ukuta. Kaniuliza kwa upole kama rafu zinang'oka. Nikamjibu kwamba hata meno yanang'oka. Akacheka mpaka akakaa. Mtu huyu hatukaniki.

Nimegundua adui wa kweli. Ni mpira. Nani atasoma wakati mpira unadunda nje? Basi nikauiba ofisini kwake alipokwenda darasani, nikaupachika juu ya rafu, nyuma ya atlasi, mahali pasipofikiwa na binadamu.

Mapumziko yakaja, mpira hakuna, wanafunzi wakamiminika kwangu. Njama imetiki! Nikawapa Binti wa Fundi Saa. Baba fundi saa amekwenda mji wa mbali kutengeneza saa ya mnara, hakurudi. Binti anamfuata, mfukoni ana ufunguo mdogo tu. Mchukuzi mzee mwenye kofia anambebea sanduku stesheni baada ya stesheni. Hatimaye, nikawaambia kwa mikono yote miwili, mchukuzi anavua kofia. Ndiye baba! Wakapiga makofi. Nikainua kitabu, nikauliza nani anakiazima. Wakatazama mlangoni. Kuna msichana hukaa mbele, wanamwita Kifutio kwa sababu hufuta ubao kabla hajatumwa. Akaniuliza, kwa adabu zote, akiazime cha nini wakati mwisho anaujua.

Swali gani hilo? Mimi mwisho naujua tangu utotoni na bado nakisoma kila mwaka.

Nikaona nimpe atlasi basi, japo aangalie ramani. Nikaivuta. Mpira ukanidunda utosini, ukatoka mlangoni, na maktaba nzima ikaufuata. Baadaye Mwalimu wa Michezo akaja kunishukuru kwa kumtunzia.

Jumatano, 5 Machi

Wasipokuja, nitawafuata. Leo nimebeba kiti mpaka kando ya uwanja, nikapanda juu, nikaanza kusimulia katikati ya mechi. Kelele zilikuwa nyingi. Nikapandisha sauti. Nao wakapandisha. Nilipofika kwa mchukuzi nilipaza sauti kiasi kwamba golikipa aligeuka kuniangalia, na bao likaingia. Timu yake hainisemeshi. Mlinzi wa geti kanifuata kuniambia sasa anamjua mchukuzi ni nani, na hana haja tena ya kukigusa kitabu chenyewe. Angalau mmoja nimemwelimisha.

Nimesikia pia wanafunzi wamenipa jina. Bwana Hatimaye. Heshima kubwa hii. Bibi Miwani yeye tulimwita kwa miwani tu.

Koo linawasha.

Baada ya masomo nilibaki peke yangu. Nikakaa sakafuni, mahali pangu pa zamani. Magoti yalilalamika. Nyuma ya Binti wa Fundi Saa bado kuna ile karatasi ya tarehe, na mihuri aliyogonga Bibi Miwani kwa wino wa zambarau. Mmojawapo ni wangu, wa ile siku ya mtaro. Nilikumbuka alivyokuwa akipuliza wino ukauke kabla hajakukabidhi kitabu, kama mtu anayempozea mtoto chai. Machozi yalinitoka, sifichi. Chumba hiki kikijaa magodoro, nani atajua kwamba mama yule alikuwepo? Nimemkumbuka sana leo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa juu ya balaa. Nimeamka sauti haipo. Kesho ndiyo kesho, na silaha yangu pekee imekauka. Mama watoto kanipa maji ya moto yenye asali na kuniambia, huku anatabasamu, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kasema pia nyumba imetulia. Mwanamke huyu hana huruma.

Nikajikaza kisabuni, nikaenda. Jana walimsikia mchukuzi uwanja mzima, kwa hiyo nikachagua Dirisha la Saba. Watoto wawili wanahamia nyumba kubwa yenye madirisha saba, na la saba halifunguki. Usiku linawaka taa. Nilisimulia kwa mnong'ono, ikabidi wasogee, wakasogea tena, mpaka Kifutio akawa ameshika meza yangu. Mdogo mtu akapata ufunguo. Akautia. Akauzungusha. Hatimaye...

Hakuna. Hata mnong'ono ukagoma. Nilifungua mdomo kama samaki. Nikanywa maji ya moto, mvuke ukanijaa kwenye miwani. Nikaivua, nikaifuta kwa pindo la sweta. Kitabu nikakiweka mezani na kuwaonyesha kwa kidole, kuomba radhi, kwamba mimi basi, nimeshindwa.

Kifutio akakinyakua. Hata ruhusa hakuomba! Wengine wakamrukia, wakataka awasomee, akakataa, akasema kila mtu atafute chake. Wakaivamia rafu. Kila mmoja analeta kitabu, ananiuliza kinahusu nini, mnong'ono unanirudia kwa maneno mawili ya mwanzo tu, wanakunja uso na kuazima. Nimegonga muhuri mpaka kengele ikalia. Nimepuliza wino hadi kizunguzungu. Sijawahi kuona utovu wa adabu kama huu.

Nakala ya pili ya Dirisha nimeitia mkobani. Nitajizoeza kusimulia mwisho kwa ishara.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeokoka! Mkuu aliingia akakuta rafu zina mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba, na foleni imefika koridoni. Alisimama dirishani. Kisha akasema naye alikaa sakafu hii zamani, na chumba kitabaki maktaba. Nikageuka upande asinione uso.

Na nani yuko mwisho wa foleni? Mwalimu wa Michezo. Kanivuta pembeni, kaniuliza nyuma ya dirisha la saba kuna nini. Nikamwonyesha koo. Kaondoka anaguna. Magodoro atayaweka chini ya ngazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepumzika. Mama watoto kakikuta kitabu mkobani, kakaa nacho barazani tangu asubuhi. Ajabu. Miaka yote ya ndoa hajawahi kusoma kitabu changu hata kimoja, kwa sababu wakati wa uchumba nilimsimulia vyote. Chakula cha mchana kimeungua. Hakujali. Nilimtazama, nikajiona mimi mtaroni. Alikuwa mzuri kama siku ile nilipomwona mara ya kwanza.

Jioni kaniambia kinagaubaga: watoto wameazima kwa sababu nilinyamaza, na nikiwa na akili ninyamaze tena Jumatatu. Wivu huo. Kilichowavuta ni siku tatu za kazi yangu, ila matunda yamechelewa kuiva.

Jumapili, 9 Machi

Sauti imerudi! Safi, nzito, kama kengele. Nimeshaandaa bango la mlangoni: vitabu vyote vizuri vya maktaba, na mbele ya kila kimoja, mwisho wake. Mchukuzi ndiye wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa.

Bibi Miwani hakunimalizia hadithi hata moja, Mungu amrehemu. Mimi nitawamalizia zote. Najua angejivunia.

Mama watoto bado yuko barazani. Kabakiza kurasa chache, anauma kucha, hata kuitika haitiki. Nilimwonea huruma. Nikaenda, nikamshika bega, nikamwambia kwamba nyuma ya dirisha la saba ni bibi ya wale watoto, na alikuwa akiwatazama siku zote.

Kafunga kitabu. Kanirudishia kabla ya kuzimaliza kurasa zile, kaingia ndani. Nadhani amefurahi mno.