Kiboko Aliyesifiwa Kumshinda Bibi Arusi

Nyamianda, Uvira
Tarehe 20 Machi 1964

Kwa Bwana Cyprien, mwenye mashua ya matembezi ya wageni, Kalundu

Bwana mheshimiwa,

Na zaidi ya hayo niliyoanza kukueleza jana ufukoni, kabla hujasema unaitwa na mtu ambaye mimi sikumwona, yako mengine ambayo mwanamke aliyeolewa siku ishirini zilizopita hawezi kuyasema mbele ya wavuvi. Kwa hiyo nayaandika.

Kwanza ujue kwamba ninampenda mume wangu. Gakunzi ni mrefu, mpole, na asubuhi anapovua kofia kunisalimu, kana kwamba mimi ni mgeni wa heshima katika nyumba yangu mwenyewe, chai hunipoa mkononi. Yeye ni mfugaji wa huko juu sana, kupita Lemera, ambako watu huamka na blanketi mbili mabegani na kwenda kukamua. Mimi ni binti wa wavuvi na mwalimu wa darasa la pili. Tulikubaliana hivi: akae kwetu mwezi mmoja. Ziwa likimpendeza, tutajenga hapa. Lisipompendeza, nitamfuata mlimani, nami ng'ombe wananitisha tangu utoto. Ndiyo sababu nilimleta kwenye mashua yako. Sikuja kupunga upepo, Bwana Cyprien. Nilikuja kuyaokoa maisha yangu.

Sasa malalamiko.

1. Nyangumi. Ubao wako, ule alioacha Mzungu wako alipofunga mizigo mwaka wa uhuru, una picha ya nyangumi akirusha maji, na chini yake umeandika kwa mkono wako: VISIWA NA NYANGUMI, KILA JUMAMOSI. Nimesoma sekondari miaka minne. Najua nyangumi ni wa bahari. Lakini tangu uhuru tunaambiwa tutaona mengi ambayo wakoloni walitunyima, nikadhani huenda na hili ni mojawapo. Tulikaa juani hadi saa saba. Mwishowe mpiga kasia wako Libérat, ambaye ni ndugu wa ukoo wangu na hapaswi kunidanganya, akaonyesha kiboko na kusema, "Dada, njo huyu. Ule wa bahari iko wa Wabeleji."

2. Kisiwa. Kisiwa chako ni fungu la matete lililong'olewa na mto Ruzizi. Tuliweka juu yake kikapu cha chakula na shuka niliyopewa siku ya arusi, kisha tukageuka kidogo kwa sababu Gakunzi alitaka kunishika mkono. Tulipotazama tena, kisiwa kilikuwa kinakwenda Burundi. Zamani lisingekuwa neno. Sasa ile ni nchi nyingine, ina bendera yake, na shuka yangu haina pasi ya kusafiria.

3. Sifa. Hili ndilo linaloniuma. Kwao mlimani, ng'ombe mzuri hasifiwi moyoni tu. Mwanamume husimama mbele yake, hunyoosha mkono na kumtajia uzuri wake kwa sauti. Gakunzi alipomwona yule kiboko, akasimama ndani ya mashua. Nakufasiria: "Weye mwenye mgongo unaong'aa kama mawe ya mto, weye usiyeomba njia, weye unayepishwa na ziwa lenyewe." Kiboko akasikiliza. Akasogea. Libérat akamsihi, "Shemeji, kaa chini, huyo hakamuliwi." Mume wangu akaongeza beti tatu.

Siku ya arusi aliniambia, "Umependeza." Neno moja, Bwana Cyprien. Nimelitunza, nalirudia nikifua nguo, na nilikuwa nimeridhika nalo kabisa mpaka nilipojua kwamba ana mengine.

4. Askari. Watu wa ufukoni waliona mtu mrefu amesimama katikati ya maji, mkono juu, anahutubia. Siku hizi, na hizi habari za waasi kila upande, mtu hahutubii ovyo. Tulipofika nchi kavu, askari wawili wakamuuliza ni wa chama gani na alikuwa anamhutubia nani. Gakunzi hajui kusema uongo. Akajibu: kiboko. Wakauliza kiboko ni wa chama gani. Walimweka pale mpaka jioni, na katika karatasi yao wakaandika kwamba msikilizaji alikuwa mmoja, mnene, hana kadi, ametoroka.

5. Tangu siku hiyo mume wangu amenyamaza. Kila asubuhi huenda ufukoni peke yake. Sijui anawaza nini. Mwezi unakaribia kwisha, nami nimeanza kuota kwato.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nyangumi afutwe ubaoni. Kisiwa kifungwe kamba au kiitwe matete. Kiboko ahamishwe, hata Burundi, akanitafutie shuka. Hayo yakishindikana, matembezi yote yafungwe mpaka serikali, yoyote itakayokuwepo, itunge sheria ya kuwalinda maarusi dhidi ya wanyama wenye mgongo mzuri. Nchi changa haijengwi kwa uongo, tena uongo wa kila Jumamosi.

Nakuombea afya, wewe na nyumba yako yote. Nisalimie Mama Generose, watoto, wavuvi wa Kalundu mmoja mmoja, na Libérat pia, ingawa yeye si sana.

Ni mimi, mwenye uchungu na furaha kwa pamoja,
Apolline, mke wa Gakunzi

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha funga bahasha Gakunzi alipoingia. Kumbe ukimya wote ule alikuwa anangoja jibu kutoka mlimani. Alimwandikia mama yake, Nyiransengimana, kwamba anataka kujenga hapa kwa sababu mke wake hucheka vizuri zaidi akiwa karibu na maji. Hayo ni maneno yake, ameyaandika, nimeyasoma mara nne. Akaongeza kwamba huku kuna mnyama mnene asiye na mchungaji, na hajapotea. Mama amejibu kwamba habari za mke amezisikia, lakini mnyama wa namna hiyo hamwamini mpaka amwone. Akimwona, atatubariki tujenge. Asipomwona, sote tunapanda mlimani.

Kwa hiyo usimhamishe mtu yeyote. Ubao uuache kama ulivyo. Kiboko awepo, na kama atakuwa na shughuli nyingine, Libérat amwonyeshe mama chochote kipana kinachopumua. Hajawahi kuona ziwa, atakubali. Jumamosi ya kesho mama atakuwa bado njiani, lakini inayofuata tutakuja watatu, kabla mwezi huu haujaisha.