Rubani Ambaye Bado Hajatua

Siku ndege namba saba iliposhindwa kurudi, Wizara iliutangazia umma kwa fahari kwamba hakuna ndege iliyopotea. Kulikuwa tu, tangazo lilisema, na ndege moja ambayo bado haijatua. Mafuta yake yalikuwa ya saa tatu. Miaka kumi na moja imepita.

Jambo hilo lilishughulikiwa kwa uzito wake. Likaundwa Dawati la Wachelewaji wa Angani, dawati likapewa karani, na karani akapewa dirisha. Kila asubuhi saa mbili kamili karani huyo alifungua dirisha, akatazama juu, kisha akaandika daftarini: Bado. Siku za mvua alitoka nje na mwavuli, isije ikasemwa kwamba hakutazama vizuri.

Rubani aliacha mke aliyekuwa fundi cherehani, na binti wa miaka saba. Kwa kuwa hakufa, hakuzikwa. Kwa kuwa hakuzikwa, hawakupewa pole. Kila mwaka walipewa barua ya kuwaomba wavute subira wakati mhusika akitekeleza majukumu yake. Majirani nao hawakujua waje na sura gani.

Binti alikua, akamaliza sekondari akiwa na hesabu safi na macho ya mwewe. Alikumbuka baba akimbeba mabegani ukumbini, akimwambia aegemee upande anaotaka wakate kona. Tangu hapo alitaka kurusha ndege, basi. Lakini fomu ya urubani wa jeshi ilikaa mkobani wiki mbili bila saini.

Mama yake hakumkataza. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mwanangu, mume wangu yuko angani. Mtoto nilitaka abaki chini."

Binti akamwambia atakwenda kwenye usaili na swali moja tu. Jibu lake ndilo litakaloamua.

Mwenyekiti wa usaili alikuwa brigedia ambaye walio chini yake walimwita Bwana Utaratibu, ila si mbele yake. Alimsifu binti urefu, meno na mwandiko. Kisha akamweleza, kwa upole wa daktari, kwamba kikosi kina viti kumi na viwili vya marubani na vyote vina watu. Kile ambacho angeweza kupewa kilikuwa bado kinakaliwa na baba yake.

"Lakini ukisubiri atue," alisema, "tutakufikiria wa kwanza."

Binti akauliza swali lake. "Na mimi nikichelewa kutua, afande, mama yangu ataambiwa nini?"

"Ataambiwa umechelewa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utue, binti. Utaratibu uko wazi."

Binti akaikunja fomu mara mbili. Alikuwa akiirudisha mkobani karani wa dirisha alipoingia na waraka wa Wizara. Mkuu wa Kikosi anastaafu, na nafasi yake itachukuliwa na ofisa mwenye saa nyingi zaidi angani. Brigedia akanyoosha koti, akamwambia asome kwa sauti.

Karani akasoma. Brigedia alikuwa na saa mia nne na kumi, nyingi akiwa abiria. Rubani wa ndege namba saba alikuwa na saa tisini na sita elfu, hajawahi kuomba likizo, na hata wakati huo alikuwa anaongeza.

"Kwa hiyo Mkuu mpya ni yeye," karani alisema. "Tukampigie saluti dirishani, au hapahapa?"

Brigedia akauliza kama hakuna njia nyingine. Ipo, karani akajibu: kutia saini kwamba ndege ilianguka. Fomu hiyo ilikuwa imelala mezani kwa brigedia mwenyewe miaka kumi na moja. Brigedia aliisaini akiwa amesimama, kwa mkono wa mtu ambaye tayari ni Mkuu, kisha jicho lake likatua kwenye kipengele cha sita: nani aliidhinisha ndege iruke baada ya mafundi kuikataa.

"Hapo usijisumbue, afande," karani alisema. "Nitanakili mwenyewe kutoka kwenye kibali cha siku ile. Jina liko hapa, na saini ni hii hii."

Brigedia akaketi. Kisha akamkumbuka binti, akamwambia, kama mtu anayegawa zawadi, kwamba sasa kiti kiko wazi.

"Nitarusha ndege, afande," binti alisema. "Si zenu."

Brigedia yuko likizo ya kupisha uchunguzi. Mazishi yalifanyika Jumamosi bila mwili. Majirani walijaza uwanja, na fundi cherehani alilia kama mtu aliyepewa ruhusa. Binti ameanza mafunzo kwenye kampuni ndogo inayosafirisha dawa na barua. Ndege yao ikichelewa nusu saa, wanapiga simu nyumbani.