Madai ya Kurudishiwa R Iliyochukuliwa Dukani Kwetu

Kwa Mkuu wa Idara ya Isimu,
Kitengo cha Fonolojia.

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mimi niliye chini yake nahusika zaidi. Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kiume. Mke wangu ndiye mpimaji: anamzungushia mteja futi, anataja namba kwa sauti, mimi naandika kwenye daftari. Tumefanya hivyo kwa miaka ishirini na saba bila kugombana, isipokuwa siku za kawaida.

Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wenu, binti mwenye adabu zake, alifika dukani na kinasa sauti. Alisema anasomea mpangilio wa sauti katika lugha na amekuja kuchukua sauti zetu. Nilidhani ni namna ya kusema tu. Mke wangu akamsomea maneno hamsini kwenye karatasi. Binti akafurahi kupita kiasi, akamtangazia kwamba kinywani mwake R zote hutoka zikiwa L, na kwamba yeye ni mfano mzuri sana kwa utafiti. Kisha akampa zile spika ndogo za masikioni ajisikilize mwenyewe. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akazivua, akazitundika kwenye msumari wa mikasi. Tangu siku hiyo hajatamka neno lolote lenye R. Si kwamba anakosea. Anayakwepa yote.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja hawakaribishwi tena. "Karibu" ina R. Mteja akisimama mlangoni mke wangu humwambia "ingia", tena kwa sura ya mtu anayesoma hukumu, na wawili wamekwisha kuingia wakiwa wameinua mikono.

2. Bidhaa zetu hazitajiki. "Suruali" ina R na L kwa mpigo. Sijui aliyelitunga neno hilo alikuwa na ugomvi na nani. Mke wangu sasa anaiita "ile ya miguu miwili". Cherehani imekuwa "mashine ya huyu", na huyu ni mimi.

3. Vipimo vimeharibika. "Robo" ina R, kwa hiyo robo inchi zote zimefutwa. Mbaya zaidi ni arobaini. Kwa hesabu yake ya sasa, binadamu akifika thelathini na tisa haongezeki tena. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye kiuno chake ni arobaini na mbili tangu nimfahamu, alitajwa kuwa thelathini na tisa. Nikaandika, kwa sababu sijawahi kumhoji mke wangu kazini na sikuona pa kuanzia. Suruali ikashonwa, mwalimu akaivaa kwenye kikao cha kamati ya wazazi. Akainama kuokota chaki. Yaliyofuata waulizeni wazazi.

4. Hili naomba ulisome peke yako. Mimi ni mfupi. Tangu siku za uchumba mke wangu huniita Mrefu kwa utani, na kwa kinywa chake hutoka "Mlefu". Siku hizi ananiita "wewe". Nyumbani tuko wawili tu, kwa hiyo "wewe" si vigumu kujua ni nani, lakini naumia. Jumapili nilijifanya sisikii, nikitumaini ataghafilika aniite kama zamani. Alinigonga bega kwa rula, ambayo nayo haitaji.

5. Tangu juzi ameanza kukwepa hata L, akihofia kwamba huenda ni R iliyojificha. Akitaka nile ananisogezea sahani. Akitaka nilale anazima taa, gazeti likiwa bado mkononi mwangu. Nikimuuliza kama amenuna anatikisa kichwa, na mimi sijui kama ni hapana au shingo inamuuma.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, Idara ifungue makabati yake na irudishe R zetu, hata kama zimekwisha kutumika. Fomu tuliyotia sahihi inasema sauti "zitahifadhiwa mahali salama", kwa hiyo msiniambie zimepotea. Pili, ikishindikana, R ifutwe katika lugha nzima ili asiwepo wa kumcheka mwenzake. Hasara zake nimezifikiria. Kura na kula vitakuwa kitu kimoja, lakini wapo waheshimiwa waliokwisha kutangulia katika hilo. Tatu, ninyi wenyewe muonyeshe mfano kwa kujiita Idala. Nne, ile rekodi ya mke wangu ichomwe moto mbele yangu. Kiberiti nitakuja nacho.

Barua hii nimeiandika nikiwa na kamusi ya jirani pembeni, nikihakiki kila R mara mbili, kwa hiyo msinitafutie kosa huko.

Wasalimie wahadhiri wote, katibu muhtasi, mlinzi wa getini, na yule binti, ambaye kwa kweli sina chuki naye. Joho lake la mahafali nitamshonea, ila vipimo aje navyo kwa maandishi.

Wako niliyepungukiwa herufi moja,

Fundi wa zile za miguu miwili

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu ameisoma barua hii. Amekasirika kwamba nimemwanika kwa watu asiowajua, na zaidi kwamba nimetaja kiuno cha mwalimu mkuu, ambacho ni siri ya kazi. Ananisema bila kupumua, R zote zikitoka L, na hakuna hata moja niliyoshindwa kuielewa. Naomba mfute madai yote. R bakini nayo, sisi hatuna pa kuiweka. Ile rekodi msiichome; nitoleeni nakala. Na binti arudi upesi na kinasa sauti chenye nafasi kubwa, maana mama ameanza saa mbili asubuhi, sasa ni adhuhuri, na ndiyo kwanza anajibu lalamiko namba mbili.