Kofia ya Jeki

Jumatatu, 4 Agosti

Namalwa ameondoka. Kafunga sanduku lake la bluu, karudi Subukia kwa wazazi wake. Na kosa langu ni lipi? Nilikata stendi ya cherehani yake. Stendi tu! Cherehani yenyewe niliishusha taratibu, nikaifunika na gunia.

Chuma kizuri namna ile hakipatikani ovyo. Nilikihitaji kwa kofia ya jeki. Ni kikombe kinachokaa juu ya jeki na kushika kichwa cha towbar, kile chuma cha kuvutia trela nyuma ya gari. Unapiga jeki, mkia mzima unapanda, magurudumu mawili kwa mpigo. Hakuna tena kulala matopeni ukitafuta ekseli.

Odongo wa pancha, jirani yangu wa karakana, amecheka mpaka akashika ukuta. Eti watu wote huinua gari kwa ekseli, na ekseli haijawahi kulalamika. Wivu!

Namalwa alikuwa na sare za shule za kushona kabla shule hazijafunguliwa. Hilo sikulifikiria. Jioni nilimimina chai vikombe viwili kwa mazoea. Nimevinywa vyote, na vyote vilikuwa vichungu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njia! Baba mkwe, Mzee Sitati, hubeba maziwa kwa pickup kutoka Subukia. Pickup ina towbar. Akiona kofia yangu, atanisifu. Akinisifu, atamrudisha binti yake mwenyewe.

Nimempigia Maxwel, kaka yake Namalwa, ambaye ndiye dereva. Nimemwambia nina zawadi ya mzee. Akauliza kama nimemwomba Namalwa msamaha. Nikamweleza kwamba msamaha ni maneno, kofia ni chuma. Akasema, “Shem, si umpigie tu?”

Nitapiga nikimaliza. Kwanza majaribio. Odongo amenikataza nisiguse gari la mteja wake, kwa hiyo nimejaribu na mkokoteni wa maji. Umeinuka vizuri sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Furaha! Maxwel anasema wanakuja kesho, mzee, mama na Namalwa mwenyewe na sanduku lake. Amekubali kurudi. Sharti ni moja, nimwombe msamaha mbele ya wazazi wake. Basi.

Na pickup itakuwa hapa, mlangoni pangu! Nimeipaka kofia rangi nyekundu.

Odongo ameleta ushauri ambao sikuuomba. Anasema hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu, nikiyainua yote mawili gari halina kitu cha kulizuia. Niweke mawe mbele ya magurudumu ya mbele. Nimemjibu kwamba ukiweka mawe, mgeni ataona hukiamini chombo chako.

Nimeandaa maneno ya msamaha, sentensi mbili. Maneno ya kofia yamefika kurasa tatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Walifika kabla ya saa sita. Namalwa alishuka kwanza, akanitazama, akatabasamu kidogo. Kidogo, lakini niliona. Akashuka mzee, akashuka Maxwel. Mama mkwe akabaki kiti cha nyuma.

Kila mtu aliyelelewa vizuri kwetu anajua. Mkwe hashikani mkono na mama mkwe, wala hasimami kumtazama akishuka kwenye gari refu. Anajitoa. Anakumbuka shughuli nyuma ya nyumba mpaka mama aingie ndani aketi. Wote walikuwa wananingoja nijitoe. Namalwa akakohoa. Maxwel naye akakohoa. Nikadhani ni vumbi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya pickup, natoa upepo kwenye gurudumu zima ili kofia ipate kazi.

Nikatangaza pancha. Bahati iliyoje, na fundi yuko hapa! Mzee akasema kwa upole kwamba kuna mtu ndani. Nikamwambia asijali, kofia haichagui uzito.

Uzito! Mama wa mke wangu!

Odongo akapaza sauti kutoka kwake, “Boss, mawe! Hiyo gari itakuhepa!” Nikazidi kupiga jeki. Mkia ukapanda. Magurudumu mawili yakaning'inia hewani, mazuri mno, na kwa dakika hiyo nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mungu anisamehe.

Kisha pickup ikaanza kutembea. Barabara yetu ya Kaptembwo inateremka kuelekea ziwani, nayo ikashika njia. Jeki ikalala, mkia ukaanguka kwa kishindo, vifuniko vya mitungi vikaruka na maziwa yakamwagika juu ya sanduku la bluu. Mlango ukafunguka. Mama akatoka nao.

Nikakimbia. Nikamdaka. Mikono yote miwili, kifuani, mbele ya mtaa mzima!

Mama akajifunika uso na leso. Maxwel alinong'ona kwamba ningemwacha aanguke, vumbi huoshwa. Sasa lazima wazee wakae na kitu kichinjwe kabla sijakanyaga boma lile tena. Odongo alijaza gurudumu upepo, akampa mzee pole kama mtoto wa nyumbani. Namalwa akarudi garini.

Hapo ndipo nilikumbuka msamaha. Nikakimbia kando ya dirisha nikipiga kelele kwamba najuta. Akauliza najuta nini, cherehani au mawe? Nikafikiri kidogo. Akapandisha kioo.

Jumapili, 10 Agosti

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezaliwa jana na tayari anatembea.

Ni cherehani! Jibu lilikuwa cherehani! Nimelisema chumbani zaidi ya mara moja, kwa sauti. Simu yake imezimwa.

Jioni Maxwel amepiga. Mama hajaumia. Mzee atazungumza na wazee. Namalwa naye hataki maneno tena, anataka cherehani yake isimame pale ilipokuwa. Basi! Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi ya asubuhi moja! Nimelia kwa furaha. Odongo alisikia kupitia mabati, akaja na vyuma vya mkokoteni wake wa zamani. Akasema, “Chukua. Mfanyie bibi yako stendi, na usiongeze kitu.”

Jumanne, 12 Agosti

Nimeanza mapema. Nilipima chuma cha Odongo, nikapiga alama za stendi. Miguu minne.

Miguu minne! Kofia yangu haikuwa na miguu! Ingekuwa na miguu minne mipana, pickup ingekwenda wapi? Mawe ya nini? Jamani, mbona sikuona? Namalwa ametaka stendi moja ya cherehani, mimi nitamletea kitu cha kuinua magari ya Nakuru nzima. Atanielewa akikiona. Stendi itafuata.

Nimekata. Chuma kilipungua kidogo tu, mguu mmoja. Kitanda chetu ni cha chuma, na upande wa Namalwa haulaliwi na mtu wiki hii. Nimekata mguu wa upande huo.

Usiku nitalala upande wangu, karibu na ukuta, bila kugeuka.