Malalamiko Kuhusu Mnara Unaosikia Shikamoo Peke Yake

Ndugu Meneja wa Mtandao,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na minara yako. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Baba yangu anafanya kazi ya ujenzi mji mwingine, nami ninaulalamikia mnara wenu ulio nyuma ya shule yetu.

Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kwamba simu, kabla ya kupeleka maneno, hutuma kwanza ishara ambayo pande zote mbili zinaijua. Mpokeaji hulinganisha alichopata na alichotarajia, akajua njia imeiharibu vipi, kisha hurekebisha yote yanayofuata. Alitupa mfano wa salamu: ukisema shikamoo, kila mtu anajua kitakachorudi ni marahaba. Ikirudi imekatikakatika, kosa ni la njia. Basi nimepima, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mnara wenu unapitisha shikamoo bila mkwaruzo. Marahaba inarudi nene, utadhani baba yuko jikoni. Nikiuliza tu, "Baba, utarudi lini?" anasema, "Haloo? Haloo? Mwanangu, sikusikii," na simu inakatika.

2. Mnara una upendeleo. Nikimwambia nimekuwa wa kwanza kwenye hesabu, anasikia na kunipongeza. Shangazi, dada yake, akimmwagia umbea wa mtaa mzima, anasikia mpaka minong'ono. Ni "lini" peke yake inayopotea njiani.

3. Nilifika ofisini kwenu. Dada wa huduma kwa wateja aliniambia nizime simu kisha niiwashe. Nimeizima na kuiwasha muhula mzima. Baba hajarudi.

4. Nilipomweleza mama, ambaye ni fundi cherehani, alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Akasema, "Waandikie, mwanangu. Mnara huo naujua, nimezaa nao." Sikumwelewa, ila naona hata yeye mmemchosha.

Kwa kuwa mnara husikia vizuri yale unayoyajua tayari, naomba "utarudi lini" iwe ishara rasmi ya mtandao wenu, itangulie kila simu ya kila mteja, mpaka akina baba wote waizoee kama shikamoo. Na kwa kuwa ishara inayojulikana lazima iwe na jibu linalojulikana, naomba jibu liwe "Jumamosi".

Wasalimie mafundi wanaopanda minara, mlinzi wa getini, na dada wa huduma kwa wateja. Mwambie bado naizima na kuiwasha.

Ni mimi mteja wenu mwaminifu,
Binti wa fundi cherehani

N.B. Mwalimu amesema ishara inayojulikana huweza kuchomekwa hata mwishoni, maana njia hubadilika. Jana nikajaribu: "Shikamoo baba, utarudi lini, shikamoo baba." Zikarudi marahaba mbili, safi kabisa. Kwa hiyo mnara wenu ni mzima, uacheni ulivyo. Ila baada ya marahaba ya pili baba hakukata simu. Alikohoa, kisha akasema atanipigia Jumamosi. Tafadhali, siku hiyo msiuzime kwa matengenezo.